Anayesema Amekata Tamaa na Biashara Anasema Nini Hasa?

Tumchukue fundi wa nguo mwenye cherehani mbili na msaidizi mmoja. Ndani ya wiki moja, mteja amerudisha koti la suti kwa sababu bega la kushoto limekaa juu kuliko la kulia, msaidizi ameaga kwamba amepata kazi kwingine, na taasisi iliyoagiza sare 40 imetoa taarifa kwamba malipo yatasubiri mwezi mwingine. Usiku fundi anakaa na daftari lake, anajumlisha safu ileile mara mbili kana kwamba safari ya pili hesabu itamwonea huruma, kisha analifunga na kusema: “Biashara hii siiwezi.”

Maneno hayo matatu yanasikika kama hukumu moja, lakini ndani yake yamefungwa mambo yasiyofanana. Umo uchovu wa mtu ambaye angesema maneno mengine baada ya kulala. Umo uhaba wa fedha mkononi, ambao ni tatizo la tarehe za malipo na si la kipaji. Imo huzuni ya kuondokewa na msaidizi aliyemfundisha kazi mwenyewe. Imo shaka juu ya uwezo wake, iliyoamshwa na lile bega la koti. Na huenda, chini kabisa, imo taarifa ya kweli kwamba biashara kwa namna ilivyopangwa haiwezi kumlisha. Ushauri mwingi wanaopewa wenye biashara ndogo hukwama hapa, kwa kuwa huyatibu yote kwa dawa moja iitwayo hamasa: aliyechoka huambiwa aongeze bidii, na mwenye hesabu mbovu huambiwa ajiamini. Makala haya yanajaribu kuufungua mzigo huo na kutazama ni sehemu gani inahitaji moyo na ni sehemu gani inahitaji kalamu.

Kilicho kidogo hutikisika zaidi

Tuanze na jambo lisilozungumzwa sana, ingawa mimi naliona ni chanzo cha huzuni nyingi zisizo za lazima. Biashara yenye wateja wachache hupanda na kushuka bila sababu yoyote zaidi ya bahati. Tuseme fundi wetu hupata wateja 20 kwa mwezi kwa wastani, na kila mmoja huja kwa wakati wake bila kushauriana na mwenzake. Hesabu za takwimu zinaonyesha kwamba katika hali kama hiyo mtikisiko wa kawaida unakaribiana na kipeuo cha pili cha ule wastani, yaani wateja wanne au watano juu au chini. Mwezi wa wateja 25 unaweza kufuatwa na mwezi wa wateja 15 ilhali hakuna kilichobadilika: ubora ni uleule, bei ni ileile, na sifa yake kwa watu haijapungua. Duka kubwa lenye wateja 2,000 kwa mwezi, kwa kanuni hiyohiyo, hutikisika kwa wateja wapatao 45, ambao ni zaidi kidogo tu ya asilimia 2. Mwenye duka kubwa hahisi kitu. Fundi, ambaye robo ya wateja wake wa kawaida hawakuonekana, anakesha akijiuliza amekosea wapi.

Tatizo ni kwamba binadamu hapendi tukio lisilo na sababu, na mwenye biashara akikosa sababu ya nje huichukua iliyo karibu, ambayo ni yeye mwenyewe. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alipenda kusimulia kuhusu wakufunzi wa marubani katika jeshi la anga la Israeli, walioshikilia kwamba rubani akisifiwa huharibu na akikaripiwa hurekebika. Walichokiona kilikuwa cha kweli, ila walikosea maana yake. Baada ya zoezi baya kupita kiasi, zoezi linalofuata kwa kawaida husogea karibu na wastani, karipio liwepo lisiwepo; na baada ya zoezi bora kupita kiasi, linalofuata hushuka, sifa ziwepo zisiwepo. Mwenye biashara ndogo hunaswa katika mtego huohuo kila msimu. Baada ya mwezi mbaya hubadilisha kibao cha duka, mauzo yanarudi, naye anakishukuru kibao. Baada ya mwezi uliovunja rekodi mauzo yanashuka, naye anajilaumu kwamba amebweteka.

Dawa yake ni ya kihesabu na haihitaji ujasiri wowote. Fundi akijumlisha miezi sita pamoja atakuwa na wateja wapatao 120, na mtikisiko wa kawaida utakuwa wateja 11, yaani asilimia 9 hivi badala ya zaidi ya 20. Kushuka kwa robo nzima katika kipindi kirefu namna hiyo hakuwezi tena kuitwa bahati, na hapo kuna haki ya kuhangaika. Kushuka kwa robo katika mwezi mmoja, kukiwa hakuna dalili nyingine, hakusemi lolote, na anayejipima kila jioni kwa mauzo ya siku hiyo anajitesa kwa kipimo kisichopima.

Juu ya mtikisiko huo unakaa mzani wa akili, ambao haujasawazishwa. Mwaka 1979 Kahneman na mwenzake Amos Tversky walionyesha kwamba watu hawazipimi hasara na faida kwa uzito mmoja. Katika kazi yao ya mwaka 1992 walikadiria kwamba hasara huuma karibu mara mbili na robo ya jinsi faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Kiwango hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu na kati ya jambo na jambo, lakini mwelekeo wake unajulikana kwa yeyote aliyewahi kuuza kitu. Wateja sita wamechukua nguo zao na kuondoka wakitabasamu, mmoja amerudisha koti, na anayekwenda kulala na fundi usiku huo ni yule mmoja.

Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya shajara za kila siku karibu 12,000 kutoka kwa wafanyakazi 238 katika kampuni saba, wakitaka kujua siku njema ya kazi inatofautiana vipi na siku mbaya. Kilichojitokeza zaidi katika siku njema hakikuwa sifa wala malipo, bali kupiga hatua, hata ndogo, katika kazi yenye maana kwa mtu. Na kinyume chake kilikuwa na nguvu zaidi: kurudi nyuma kidogo kulishusha moyo kuliko hatua ndogo ya mbele ilivyouinua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikusudia mali, lakini hata ari hupotea kwa njia hiyo. Daftari nyingi nilizopata kufunuliwa zina kurasa za madeni, za wanaodaiwa na za matumizi, na hazina hata mstari mmoja wa wateja waliorudi mara ya pili au walioleta ndugu zao. Kwa maneno mengine, ni daftari zinazokumbuka kwa mzani uleule usiosawazishwa. Mwenye biashara anayeandika pia kazi zilizokamilika na wateja waliorejea hajifariji kwa uongo. Anarudisha upande wa mzani ambao akili yake imeuondoa.

Shaka isiyo na msimamizi

Mtu aliyeajiriwa, hata akimchukia mkubwa wake, ana mtu wa kumwambia kazi yake iko wapi. Mwenye biashara ndogo hana. Wateja wasioridhika wengi hawasemi. Huenda kwingine kimyakimya. Wanaoridhika nao hawasemi, kwa sababu walilipia kuridhika huko. Katika ukimya huo hisia za mtu huchukua kazi ya msimamizi, na hisia ni msimamizi asiye na kumbukumbu nzuri.

Mwaka 1978 Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefanikiwa sana katika masomo na kazi zao, ambao hata hivyo waliamini kwamba wamewahadaa watu na kwamba siku moja watagunduliwa. Ushahidi mpya wa uwezo haukuwaponya, kwa kuwa kila mafanikio waliyahesabu kuwa ni bahati au matokeo ya bidii iliyozidi kiasi. Tafiti zilizofuata zilikuta hali hiyo kwa wanaume pia. Katika biashara ndogo huonekana kwa sura ya pekee: fundi aliyevalisha mabwana harusi kadhaa huogopa kupandisha bei kwa sababu moyoni anaona bei ya sasa ndiyo anayosamehewa nayo.

Upande wa pili wa jambo hili ni utafiti wa Justin Kruger na David Dunning wa mwaka 1999. Watu waliofanya vibaya zaidi katika majaribio yao, ambao kwa wastani walikuwa kwenye nafasi ya 12 kutoka chini katika ngazi ya 100, walijiweka kwenye nafasi ya 62 hivi, ilhali waliofanya vizuri zaidi walijishusha kidogo. Wataalamu wa takwimu wamebishana ni sehemu gani ya matokeo hayo inatokana na ule mrejeo wa wastani tuliouona kwa marubani, na ubishi huo haujaisha. Kwa mwenye biashara, hata hivyo, fundisho linalobaki ni la kiasi: shaka haithibitishi kwamba huwezi, na kujiamini hakuthibitishi kwamba unaweza. Vyote viwili ni hisia kuhusu kazi. Bega la koti lina jawabu lake kwenye futi kamba.

Basi kujiamini kunakofaa hutoka wapi? Albert Bandura, katika makala yake ya mwaka 1977, alitaja vyanzo vinne vya imani ya mtu kwamba anaweza jambo fulani. Chenye nguvu kuliko vyote ni kulitenda jambo lenyewe na kulifaulu. Kinafuata kumwona mtu anayefanana nawe akilifaulu. Vilivyobaki ni maneno ya kutiwa moyo na hali ya mwili, kwa maana moyo unaodunda na viganja vinavyotoa jasho hutafsiriwa na mwenyewe kuwa dalili ya kutoweza, hata pale ambapo sababu ni kukosa usingizi. Mpangilio huo unaeleza kwa nini semina za hamasa huwaka kama nyasi kavu na kuzimika kabla ya wiki kwisha. Zinatoa kile chanzo cha maneno peke yake, na maneno hudumu hadi yanapokutana na tukio la kwanza linaloyapinga. Fundi aliyeshona bega moja vizuri mara tatu mfululizo amepata kitu ambacho hotuba haiwezi kumpa.

Chanzo cha pili kina sharti lake, na ndilo linalovunjwa kila siku: mtu wa kutazamwa awe anafanana nawe. Simulizi za matajiri walioanza na mtaji wa senti mbili hazitimizi sharti hilo, na zina kasoro nyingine kubwa zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanahisabati Abraham Wald alishughulikia swali la mahali pa kuziimarisha ndege za kivita, kwa kutazama ndege zilizorudi na matundu ya risasi. Akatambua kwamba sehemu zisizo na matundu kwenye ndege zilizorudi ndizo za kuogopwa, kwa sababu ndege zilizopigwa hapo hazikurudi zihesabiwe. Msimuliaji wa mafanikio ni ndege iliyorudi. Anaeleza kwamba hakukata tamaa, na huenda ni kweli, lakini wale ambao nao hawakukata tamaa na wakafilisika hawaalikwi kusimulia. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu hizi hutunzwa na idara ya serikali ya takwimu za kazi, karibu moja kati ya biashara tano mpya huwa imefungwa kabla ya mwaka kwisha, na karibu nusu huwa zimefungwa kufikia mwaka wa tano. Kufungwa si lazima kuwe kufilisika, maana wengine huhamia kwenye ajira au kwenye kazi yenye faida zaidi. Lakini anayedhani kwamba yeye peke yake anayumba katikati ya watu waliosimama imara amejidanganya.

Fedha ikikosekana, akili nayo hubanwa

Turudi kwenye sare 40. Fundi alinunua vitambaa, vifungo na uzi kwa fedha taslimu, akamlipa msaidizi kila Jumamosi, na akakabidhi kazi kwa wakati. Kwenye karatasi ana faida. Mkononi hana kitu, kwa sababu fedha zake zote zimevaliwa na watu ambao taasisi yao italipa baadaye. Kadiri oda ya namna hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo anavyozidi kukauka, na hili ni jambo ambalo wengi hulikuta kwa mshangao: biashara inaweza kufa kwa njaa huku ikipata faida. Hapo ndipo watu huanza kula mtaji, kukopa huku ili kuziba kule, kisha kuliita tatizo hilo kwa jina la tabia: sina nidhamu, sina nyota ya biashara.

Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha utafiti uliohusisha wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu nchini India. Wakulima hao hupokea sehemu kubwa ya kipato chao baada ya mavuno, hivyo mtu yuleyule huwa na uhaba kabla ya mavuno na nafuu baada yake. Walipopewa mazoezi ya kufikiri, walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno kuliko baada ya mavuno. Baadhi ya majaribio mengine kuhusu uhaba hayakutoa matokeo yaleyale yaliporudiwa, kwa hiyo si busara kuyakuza mno. Hata hivyo, utafiti huo wa mashambani unaeleza kitu ambacho mwenye biashara anakijua mwilini: katika wiki ya kukosa, hata uamuzi mdogo wa kumpigia mteja simu huwa mzito. Kumbe aliyeonekana mvivu alikuwa na akili iliyoshikwa na tarehe ya kodi.

Kwa sababu hiyo, hatua inayorudisha ari haraka kuliko zote mara nyingi haihusiani na ari. Ni kudai malipo ya awali yanayotosha kununua vitambaa, kukubaliana tarehe ya malipo kabla ya kukata nguo, na kukataa oda inayomgeuza fundi kuwa mkopeshaji asiyetoza riba. Ninajua kwamba kudai malipo ya awali kunatia haya, hasa mbele ya mteja mkubwa. Lakini haya hiyo ya dakika tano ina bei nafuu kuliko miezi miwili ya kujidharau.

Hapa pia pana mahali pa kutofautisha uchovu na maradhi. Mtu akishinda katika huzuni au akikosa hamu ya kila kitu, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi, chakula na hata watu anaowapenda vikawa havina ladha, hilo limeshatoka kwenye mambo ya biashara na ni la kupelekwa kwa mtaalamu wa afya. Hakuna hesabu ya faida itakayoliponya, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Kutoweza na kufundishwa kutoweza

Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia walipowekwa baadaye mahali ambapo wangeweza kuruka na kuokoka, wengi wao hawakujaribu. Jambo hilo likaitwa unyonge wa kujifunza, na kwa miaka mingi likasomwa kama onyo kwamba mapigo ya mfululizo humfundisha kiumbe kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti haohao walirudi na kusema kwamba walikuwa wamelishika kwa upande usio wake. Uchunguzi wa ubongo uliofanywa katika miaka ya kati uliwaonyesha kwamba kunyong’onyea mbele ya mapigo marefu hakufundishwi; ndiyo hali ya kuanzia ya mwili. Kinachofundishwa ni kinyume chake, yaani kugundua kwamba unachokifanya kinabadilisha kinachokupata.

Mageuzi hayo ya maelezo si madogo. Kama kukata tamaa kungekuwa somo lililojifunzwa, dawa ingekuwa kulifuta kwa maneno mazuri. Lakini kama kinachokosekana ni uzoefu wa kuwa na udhibiti, basi dawa ni kuutafuta uzoefu huo mahali popote unapopatikana, hata padogo sana. Fundi hawezi kuilazimisha taasisi ilipe leo. Anaweza, hata hivyo, kulifumua lile bega kesho asubuhi, kuona kosa lilianzia kwenye kupima au kwenye kukata, na kubadilisha utaratibu wake wa kupima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na methali hiyo inasema zaidi ya inavyodhaniwa: haimwambii mhunzi asiumie, inatenganisha chombo na ufundi ili ajue ni kipi hasa kilichovunjika.

Ushahidi mzuri wa jambo hili katika biashara ndogo zenyewe unatoka Lomé, mji mkuu wa Togo. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara, yaani hesabu, masoko na usimamizi. La pili likafundishwa mwenendo wa kujianzishia mambo, kama vile kutafuta fursa bila kungoja, kujiwekea malengo, na kujiandaa kwa vikwazo kabla havijafika. La tatu halikupewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba, kwa wastani katika zaidi ya miaka miwili ya ufuatiliaji, faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa, ilhali ya kundi la kwanza ilipanda kwa asilimia 11, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutenganishwa na bahati. Kilichofundishwa hapo ni matendo. Hakuna aliyeambiwa ajisikie vizuri kwanza ndipo aanze.

Kuhusu kujiandaa kwa vikwazo, kazi za mwanasaikolojia Gabriele Oettingen zinafaa kukumbukwa, kwa sababu zinakwenda kinyume na ushauri wa kila mahali. Yeye na wenzake walikuta mara kwa mara kwamba watu wanaojizamisha katika ndoto tamu za mafanikio hujitahidi kidogo zaidi baadaye na hupata kidogo zaidi, kana kwamba akili imeshaonja matunda na kuona hakuna haja ya kupanda mti. Kilichosaidia ni kuiweka ndoto kando ya kizuizi chake halisi. Peter Gollwitzer aliongeza chombo chepesi, ambacho ni mpango wa sentensi moja unaounganisha tukio na tendo: likitokea hili, nitafanya lile. “Mteja akirudisha nguo, nitaandika kosa kabla sijajitetea.” “Malipo yakichelewa siku saba, nitapiga simu asubuhi ya siku ya nane.” Uchambuzi wa majaribio 94 uliotolewa mwaka 2006 ulikuta kwamba mipango ya aina hiyo huongeza kwa kiasi cha kuonekana uwezekano wa mtu kutimiza alichokusudia. Faida yake kubwa kwa mtu aliyevunjika moyo ni kwamba uamuzi ulishafanywa siku aliyokuwa mzima.

Kuondoka kwa msaidizi ni habari nyingine, na hapa sina mengi ya kusema. Ni msiba mdogo, nao unadai kuombolezwa. Katika utafiti mmoja wa miaka ya 1990, wataalamu walioachishwa kazi walioandika kwa siku chache yale waliyoyafikiri na kuyahisi kuhusu tukio hilo walipata kazi mpya mapema kuliko wenzao ambao hawakuandika hivyo. Kurasa mbili tatu za nyuma ya daftari zinatosha kwa kazi hiyo, na hakuna anayelazimika kuzisoma.

Shaka inapokuwa na haki

Sehemu iliyobaki ndiyo inayorukwa na wahamasishaji. Wakati mwingine anayesema “siiwezi” yuko sahihi, na kumtia moyo ni kumdhuru. Kama kila suti inayotoka mkononi mwa fundi inamgharimu zaidi ya anacholipwa, basi bidii itaongeza idadi ya suti, na kila suti itaongeza hasara. Hakuna kiasi cha moyo kinachoweza kuigeuza hasara kuwa faida kwa kuirudia mara nyingi.

Kinachomfanya mtu aendelee hapo kwa kawaida ni yale aliyokwisha kuyatumia. Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha mwaka 1985 jaribio ambamo wanunuzi wa tiketi za msimu za ukumbi wa maigizo waliuziwa kwa bei tofauti bila wao kuchagua. Waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi katika nusu ya kwanza ya msimu kuliko waliopata punguzo, ingawa maonyesho yalikuwa yaleyale na fedha ilikuwa imeshaondoka kwa wote. Fedha iliyokwisha kuondoka hairudi kwa kukaa muda mrefu ukumbini. Mwenye biashara aliyeweka humo akiba yake, miaka yake na jina lake mbele ya ukoo ana sababu kubwa zaidi ya kubaki kuliko mwenye tiketi, na kwa hiyo ana hatari kubwa zaidi ya kubaki vibaya.

Njia ninayoiamini ni kuandika mapema, katika mwezi ambao mambo ni shwari, kile kitakachokuwa ishara ya kubadilisha mwelekeo au kufunga: mtaji ukifika kiwango fulani, au miezi sita ikipita bila biashara kumlipa mwenyewe mshahara wa chini aliojiwekea. Uamuzi ulioandikwa kabla hauamuliwi na wiki mbaya, wala hauahirishwi na wiki nzuri. Ishara isipofika, mtu ana ruhusa ya kuendelea bila kujihoji kila usiku, na ruhusa hiyo yenyewe ni nusu ya usingizi.

Fundi wetu, baada ya kulala, alianza kuandika saa za kila kazi pembeni ya bei. Ilimchukua mwezi mmoja kuona jambo ambalo daftari la madeni lisingemwonyesha kamwe. Suti moja ilimla saa 14, na bei aliyoizoea ililipa saa 9. Kazi za marekebisho, zile za kupunguza kiuno, kupandisha pindo na kubadilisha zipu, ambazo alikuwa akizifanya jioni kwa kero, zilikuwa zikimlipa kila saa yake na ziada. Lile bega lilipanda kwa sababu koti lilishonwa usiku, likikimbizana na oda nyingine isiyolipa. Hata mshahara wa msaidizi ulikuwa mdogo kwa sababu ulikuwa ukitolewa katika zile saa tano zisizokuwa na mlipaji.

Alifungua ukurasa mpya na kuliandika upya lile neno lake la usiku: “Suti kwa bei hii siziwezi.” Chini yake akaandika bei nyingine. Halafu akachukua wembe na kuanza kufumua bega la kushoto, maana mwenye koti alikuwa ameahidi kupita Alhamisi.